Koti la Pili



Neno hili nimekaa nalo wiki tatu bila kuliandika, kwa sababu linanigusa mimi kabla halijakugusa wewe. Leo rafiki yangu amenipa ruhusa. Nimemsomea lote kwa simu, akanikatiza mara mbili kunisahihisha, kisha akasema, "Liandike, Pasta. Kuna mtu analihitaji."

Lisome polepole. Na kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa, lisome mara mbili.

Wewe unayeishi huku kwetu kwenye chai unajua Machi ilivyo. Kiangazi kimeisha, vumbi la barabara limelala, na chai iliyokuwa imedumaa tangu Januari inaanza kutoa machipukizi. Asubuhi jua linawaka kana kwamba halitaondoka. Mchana mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, na ikifika saa nane, mvua. Mara nyingi ni mvua ya mawe. Kericho imewahi kuhesabu siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja, na kila mkulima hapa anajua kwamba dakika kumi za mawe zinatosha kumaliza chai ya wiki kadhaa. Hili tunalijua tangu utotoni. Likumbuke, maana mimi siku hiyo nililisahau kwa makusudi.

Rafiki yangu huyu ni bakule. Tuliingia jandoni pamoja, na kwetu neno hilo halifutiki hata mmoja akiwa mchungaji na mwingine akiwa mkulima mwenye chai isiyofika ekari moja upande wa Litein. Mbele ya watu ananiita Pasta. Tukiwa wawili, ananiita bakule. Kuanzia Agosti mwaka jana hakuniita bakule tena. Agosti ndipo tulipomzika mke wake.

Baada ya mazishi hakukanyaga kanisani. Sadaka alituma. Watoto aliwaleta shule ya Jumapili, akawashusha getini na kugeuza pikipiki. Nilimtembelea mara tatu. Alinikaribisha vizuri, akanipa mursik, tukaongea bei ya maziwa na bonasi ya chai, akanisindikiza hadi barabarani. Nikajiambia ni huzuni, itapita. Nikaandika jina lake kwenye orodha ya maombi na nikaona nimefanya kazi yangu.

Kisha mwezi wa pili akapiga simu. "Pasta, unakumbuka tulisema tutapanda Tulwap Kipsigis?"

Nilikumbuka. Tulikuwa vijana wa darasa la nane. Tulwap Kipsigis ni mlima ule wa upande wa Londiani ambao jina lake ni jina letu: mlima wa Kipsigis. Wazee husimulia kwamba huko ndiko watu wetu walikokaa kabla ya kushuka na kuenea nchi hii yote. Si mlima mkubwa. Mtu mwenye miguu mizuri anapanda na kushuka siku hiyo hiyo, akalala nyumbani. Lakini sisi hatukuwahi. Na mimi, mpendwa, nimehubiri habari za milima kwa miaka 19. Nimeamuru milima ing'oke, nimetaja punje ya haradali ya Mathayo 17 mpaka watoto wa shule ya Jumapili wanaijua kwa kichwa. Mlima wenyewe sikuwa nimepanda hata mmoja.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Kituoni akaniangalia, akaangalia mfuko wangu mdogo wenye Biblia na chupa ya maji, akauliza, "Umebeba koti?"

Nikacheka. "Leo hakuna mvua. Nimeshaifunga kwa jina la Yesu."

Hakucheka. Alipanda matatu, akaweka begi lake miguuni, akanyamaza.

Tulibadilisha gari Kericho, tukashika barabara ya Nakuru. Ukipita njia hiyo lazima upite Londiani Junction, na ukipita Londiani Junction huwezi kujifanya hukumbuki. Ilikuwa Ijumaa jioni, Juni 30, 2023. Lori liliacha njia likavamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara wakiuza na kununua, wengine wakisubiri gari la kurudi nyumbani. Watu zaidi ya 50 walikufa. Kulikuwa na akina mama waliotoka nyumbani asubuhi kuuza mboga ili watoto wale. Wengi wenu mnaosoma hapa mlimpoteza mtu.

Rafiki yangu alikuwa dirishani. Bila kugeuka akauliza, "Pasta, hawa nao hawakuwa na imani?"

Nikasema, "Mambo ya Mungu ni mazito."

Akasema, "Hilo si jibu."

Hatukuongea tena mpaka Londiani mjini.

Tulipita kwanza kwa watu wa msitu, kama inavyotakiwa. Askari mmoja wa msitu, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alituangalia viatu. Rafiki yangu alikuwa na gambuti. Mimi nilivaa raba nyeupe, mpya. Akatuambia, "Njia ni tope tangu mvua ianze. Ikifika saa saba, popote mlipo, geukeni. Msiseme kilele kiko karibu. Geukeni."

Nikaitikia, "Amina, afande." Moyoni nilisema tutaona.

Sitakudanganya, msitu ule ni mzuri. Ukishapita mashamba ya viazi na mahindi unaingia kwenye miti ya kupandwa, kisha miti ya asili: mitarakwa ambayo harufu yake ilinirudisha kwenye nyumba ya nyanya yangu, na juu zaidi mianzi iliyosongamana kama umati wa watu. Mbega walikuwa wanaruka juu yetu, weusi na mikia meupe, kama wazee waliovaa majoho. Mvua ya kwanza ilikuwa imefufua kila kitu, pamoja na majani yale yanayowasha, ambayo yalinisalimia kila mahali soksi ilipoishia. Niliteleza mara ya kwanza, nikainuka. Niliteleza mara ya pili, nikakaa chini kabisa kwenye tope, na raba nyeupe zikaisha. Rafiki yangu akanipa mkono. Baada ya hapo alitembea mbele yangu akikanyaga mahali pagumu, na mimi nikakanyaga alipokanyaga.

Saa saba kasorobo ukungu ukashuka. Nilimwona yeye na miti miwili mbele yake, basi. Lakini njia ilikuwa bado inapanda, na mimi nilikuwa na jambo moja kichwani. Nilitaka picha. Nilikuwa nimeshatunga maneno yake tukiwa kwenye matatu: mtumishi wa Mungu amesimama juu ya mlima wake, na wewe simama juu ya wako. Ningeiweka hapa jioni ile ile, na ninyi mngeniandikia Amina mia tatu.

Nikasema, "Twende tu. Kilele kiko hapo. Mungu hajatuleta mpaka hapa ili atuache."

Akasimama. Akaketi juu ya gogo, akaweka begi magotini. Akasema, "Hivyo ndivyo ulivyotuambia hospitalini."

Mpendwa, nililijua neno hilo. Nilikuwa nimelikwepa tangu Agosti.

Nikueleze. Julai daktari aliwaita wote wawili, yeye na shemeji, akawaambia ukweli kwa upole: ugonjwa umeenea, dawa iliyobaki ni ya kupunguza maumivu. Jioni hiyo nilifika wodini na timu ya maombi. Nilipoambiwa aliyoyasema daktari, nilisimama miguuni pa kitanda na kusema kwa sauti iliyosikika vitanda vyote, "Hutakufa! Kuanzia leo hakuna mtu wa nyumba hii atakayetaja mauti. Ukiikiri mauti, umeifungulia mlango." Wote wakasema Amina. Yeye pia alisema Amina.

Sasa akiwa juu ya gogo alinisimulia yaliyofuata, na alisimulia bila kuniangalia.

"Usiku mmoja aliniambia, 'Lete daftari. Kuna mambo nataka uandike.' Nikamwambia, 'Nyamaza, mama watoto. Pasta amesema tusiikiri mauti.' Akaniangalia. Halafu akageukia ukutani. Pasta, unamjua mke wangu. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Usiku ule alinyamaza kwa sababu yako, na kwa sababu yangu mimi niliyekutii. Siku ya tatu akaondoka."

Mvua ilikuwa bado. Ukungu ulikuwa umetulia kabisa, hata mbega walikuwa kimya.

Akaendelea. Shemeji alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama. Wiki mbili baada ya mazishi akina mama walikuja, kwa heshima, wakauliza hesabu. Daftari la chama halikuonekana. Hakuna aliyemtuhumu kwa mdomo, lakini macho yalisema. Aliuza mtamba mmoja akalipa kiasi walichokadiria. Nambari ya siri ya simu ya marehemu hakuijua. Kijana wao wa kwanza alitaka kujua mama alisema nini kuhusu shule. Kitinda mimba, mwenye miaka sita, aliuliza swali moja kila usiku mpaka Oktoba: "Mama alisema uniambie nini?"

"Nikawa sina la kumwambia," akasema. "Kwa sababu sikumruhusu aseme."

Nilitafuta andiko. Naona aibu kukuambia, lakini ndivyo ilivyokuwa: akili yangu ilikimbia kutafuta mstari, kama mkono unavyotafuta ukuta gizani. Nikaupata mmoja, nikapata wa pili. Na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu niliiacha mistari ikae mahali ilipo. Nikavua kofia. Nikasema, "Nilikosea. Nilisema neno ambalo Mungu hakunituma, na wewe na shemeji mkalilipia. Nisamehe."

Alikaa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimekusikia."

Hakusema amenisamehe. Alisema amenisikia. Sijaongeza neno.

Ndipo ngurumo ya kwanza ikapiga, karibu, ile unayoisikia kifuani. Akaangalia saa. Ilikuwa saa saba na dakika tano. Akafungua begi, akatoa koti lake la mvua, akavaa. Kisha akatoa la pili, akaninyooshea.

"Vaa. Nilijua hutabeba."

Lilikuwa la kijani, la plastiki nzito, na begani palikuwa na kiraka mahali mshipi wa kikapu ulipokuwa umekula. Nililitambua kabla sijaligusa. Miaka yote nilimwona shemeji akiwa ndani yake, amesimama katikati ya chai, vidole vyake vikichagua majani mawili na kichipukizi upesi kuliko macho yanavyoweza kufuata. Mikono ilinifikia chini kidogo ya kiwiko. Nikavaa.

Mawe yakaja. Hatukuweza kukaa chini ya mti mrefu na radi ile, kwa hiyo tulichuchumaa kwenye mianzi, mabega yakigusana, tukasubiri. Mawe yalikuwa madogo mwanzoni kama mahindi, kisha kama kokoto. Yaligonga lile koti mgongoni mwangu kwa dakika labda kumi na tano. Ninajua yangenifanya nini bila koti. Yalipopungua tulishuka, yeye mbele, mimi nyuma, ardhi nyeupe kama imemwagiwa chumvi. Kilele hatukukiona. Sina picha.

Londiani tuliingia kibandani tukaagiza chai na maandazi. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka. Hapo ndipo aliponiambia kwamba daftari la chama lilipatikana Desemba. Lilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lile, limefungwa kwenye karatasi ya nailoni lisilowe. Kila shilingi imeandikwa, kila jina. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa ameanza kuandika orodha nyingine, yenye majina ya watoto kwa mpangilio. Mbele ya kila jina aliacha nafasi. Hakuwahi kuzijaza.

Kisha akaniambia, na sasa aliniangalia usoni, "Bakule, kubeba koti si kumwambia Mungu alete mvua."

Mpendwa, nimesoma vitabu vya teolojia. Nimehudhuria semina. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno machache kama hayo.

Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia yangu iliyolowa kingo, nikasoma tena mambo niliyodhani nayajua. Fungua Isaya 38. Hezekia ni mgonjwa wa kufa. Nabii anakuja na ujumbe kutoka kwa Mungu mwenyewe: panga mambo ya nyumba yako. Hezekia analia, anaomba, na Mungu anamwongezea miaka 15. Umeona? Mungu yule yule aliyemponya ndiye aliyetangulia kumwambia apange nyumba. Agizo la kupanga halikumfungia Mungu mlango wa kuponya.

Nenda Mwanzo 50. Yusufu anawapa ndugu zake maagizo juu ya mifupa yake kabla hajafa, na Waebrania 11 inapohesabu matendo ya imani inalitaja jambo hilo hilo. Maagizo ya mazishi yamehesabiwa kuwa imani! Nenda Yohana 19. Bwana wetu yuko msalabani, pumzi inamwisha, na anachukua muda kumkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Yeye ambaye siku ya tatu angefufuka hakuona haya kupanga nani atamtunza mama.

Na lile swali la kwenye matatu? Luka 13. Mnara uliwaangukia watu 18 huko Siloamu wakafa. Watu walikuwa tayari na maelezo yao. Yesu akakataa kwamba wale 18 walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu, kisha akawageuzia swali waliokuwa hai: na ninyi je, maisha yenu yakoje? Ningemjibu rafiki yangu hivyo kama ningekuwa nimesoma kabla ya kuhubiri.

Usinielewe vibaya. Bado naamini Mungu anaponya. Nimeona kwa macho yangu, na wengine wenu ni mashahidi. Bado nawapaka wagonjwa mafuta kama Yakobo 5 inavyosema, na ninaomba kwa nguvu zangu zote. Nilichoacha ni kumfunga mgonjwa mdomo. Sasa nikimaliza kuomba, navuta kiti. Naketi. Nauliza, "Kuna jambo unataka tuliongee?" Halafu nanyamaza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote walizofanya kitabuni mle. Walipofungua mdomo ndipo walipoharibu.

Watumishi wenzangu mnaosoma hapa, ni rahisi sana kutamka neno miguuni pa kitanda kisha ukapanda gari ukaenda ibada nyingine. Familia inabaki na neno lako usiku. Uliza, kabla hujalitamka, kama ni Mungu aliyekutuma au ni hamu yako ya kusikia Amina.

Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani, au wewe mwenyewe uliye mgonjwa. Leo, usingoje Jumapili, leteni daftari. Andika nani anadai na nani anadaiwa. Andika daftari la chama liko wapi. Mwambie mwenzako nambari ya siri. Jaza nafasi mbele ya jina la kila mtoto, neno moja moja, hata kama ni "nilikupenda." Kisha ombeni uponyaji kwa imani yote. Ukipona, utubu kwa kucheka, utalichoma hilo daftari na kuja kutoa ushuhuda. Usipopona, watoto wako hawatauliza swali lile kila usiku.

Koti nililirudisha Jumatatu, nimelifua na kulikausha. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali pake. Jumapili iliyopita alikuja kanisani. Hakuishia getini. Aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, na kitinda mimba magotini. Sikumtaja madhabahuni. Sikumuuliza kama amenisamehe, wala sitamuuliza. Hilo ni lake na Mungu wake, litakuja kwa wakati wake. Baada ya ibada alinisalimia kwa mkono na kusema tujaribu tena Januari, kiangazi, tuone kama kile kilele kipo kweli.

Nimeshanunua koti langu.

Tuombe. Baba, tusamehe tuliosema kwa jina lako maneno ambayo hukuyasema. Wafariji wote walionyamazishwa wakiwa na neno moyoni, na walioachwa bila neno hilo. Waponye wagonjwa wetu, maana unaweza. Na tunapongoja, tupe ujasiri wa kuketi karibu nao na kusikiliza. Kwa jina la Yesu, Amina.

Leo sikuombi uniandikie Amina hapa chini. Funga simu, vuta kiti, ukaketi na mtu wako.